Mwanaisimu na Mjaribu Programu: Kutafuta Makosa katika Kiswahili cha Kompyuta

1.0 Utangulizi



Kila mwaka mahafali yanapokaribia, wanafunzi wa shahada ya Kiswahili hunijia ofisini na swali moja. Huuliza: ukiacha ualimu, uandishi wa habari na tafsiri, elimu hii itatupeleka wapi? Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwajibu kwa maneno ya kuwafariji. Leo ningependa kulijibu swali hilo kwa kuichambua kazi moja ambayo haitajwi sana katika idara zetu, nayo ni kazi ya kujaribu programu za kompyuta na simu kabla hazijawafikia watumiaji.

Hoja ya msingi ya mhadhara huu ni kwamba kazi ya mjaribu programu na kazi ya mwanaisimu zina mantiki moja, na kwamba sehemu kubwa ya makosa yanayoonekana katika programu za Kiswahili haitokani na uhaba wa istilahi, kama tunavyozoea kulalamika. Inatokana na sarufi ambayo hakuna aliyeijaribu. Nitaanza kwa kueleza kazi yenyewe ni nini, kisha nitaihusisha na taaluma yetu, kisha nitapitia aina tano za makosa kwa mifano, na mwisho nitasema jambo ambalo nafikiri idara zetu zinapaswa kulifanya. Katikati nitalazimika kukiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu.

2.0 Kazi ya Mjaribu Programu

Watu wengi hudhani kwamba mjaribu programu ni mtu anayeifungua programu, akabonyeza huku na huko, akaona inafanya kazi, akaridhika. Dhana hiyo ni potofu. Glenford Myers, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu sanaa ya kujaribu programu, alieleza kwamba kujaribu ni kuiendesha programu kwa nia ya kugundua makosa. Nia ndiyo inayotenganisha kazi hii na nyingine. Anayejaribu ili athibitishe kwamba programu ni nzima huchagua bila kujua njia ambazo zitamfikisha salama. Anayejaribu ili agundue kasoro huchagua njia zenye mashimo.

Naye Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 tahadhari ambayo haijapitwa na wakati, kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa makosa yapo, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kuwa hayapo. Kwa hiyo mjaribu hatoi cheti cha usafi. Hutoa ushahidi.

Ushahidi huo una umbo lake. Ripoti nzuri ya hitilafu huwa na mambo manne: hatua alizozifuata mjaribu tangu mwanzo, tokeo lililotarajiwa, tokeo lililopatikana, na mazingira ya jaribio, yaani aina ya kifaa, toleo la programu na lugha iliyochaguliwa. Ripoti inayosema tu kwamba "Kiswahili chake ni kibovu" haimsaidii mtu. Msanidi hawezi kukirekebisha kitu asichoweza kukirudia akakiona kwa macho yake.

Aidha, kwa kuwa haiwezekani kujaribu kila kitu, mjaribu huyagawa mambo katika makundi yanayotarajiwa kutendewa sawa na programu, kisha huchukua mfano mmoja au miwili kutoka kila kundi. Halafu huikazia macho mipaka ya makundi hayo, kwa sababu makosa hupenda kukaa mipakani. Kama fomu inapokea umri kuanzia miaka 18 hadi 60, majaribio ya maana si 30 na 40, bali ni 17, 18, 60 na 61.

Makosa yenyewe si lazima yawe makubwa ili yalete hasara. Mwezi Septemba mwaka 1999 Marekani ilikipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikiifikia sayari ya Mirihi. Programu moja ilikuwa ikitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikizipokea kana kwamba ni vipimo vya kimetriki. Namba zilisomeka vizuri. Kilichokosekana ni maafikiano juu ya maana ya namba hizo. Mwanaisimu akikisikia kisa hicho hana budi kutabasamu kwa huzuni, kwa maana kinafanana mno na mazungumzo ya watu wawili wanaolitumia neno moja kwa maana mbili.

3.0 Mwanaisimu kama Mjaribu

Hebu sasa tuitazame taaluma yetu. Mwanasarufi anapotaka kuijua kanuni, hakusanyi sentensi sahihi tu. Huunda sentensi anazozishuku, humwuliza mzungumzaji, na zile zinazokataliwa huziwekea alama ya kinyota. Tazama mfano wa (1):

(1) a. Kitabu kimepotea.
b. *Kitabu imepotea.

Sentensi ya (1b) ina thamani kubwa kuliko ile ya (1a), kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha mpaka wa kanuni. Hali kadhalika, mwanafonolojia hutafuta jozi za maneno zinazotofautiana kwa kitamkwa kimoja tu, ili ajue kama tofauti hiyo hubeba maana. Hilo nalo ni jaribio la mpakani. Kwa hakika, kila mwanafunzi aliyefaulu somo la sintaksia au fonolojia ameshafundishwa kuunda majaribio, kutabiri tokeo, kulinganisha na lililopatikana, na kuliandika kwa namna ambayo mwingine anaweza kulirudia. Lililobaki ni kumfundisha mahali pa kulielekeza jicho hilo.

4.0 Uswahilishaji wa Programu kwa Ufupi

Juhudi za kuziswahilisha programu si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office katika miaka iliyofuata, na mwaka 2009 mtandao wa Facebook ukapata sura ya Kiswahili. Mijadala ya kitaaluma ya kipindi hicho ilielemea upande wa istilahi: tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Tuseme neno la siri au nywila?

Mijadala hiyo ilikuwa na faida yake. Hata hivyo, ilitufanya tuione programu kama orodha ya maneno. Mfasiri alipewa jedwali lenye safu mbili, Kiingereza kushoto na nafasi tupu kulia, akaijaza. Hakuiona skrini. Hakujua kama neno alilolikuta lingekuwa kitufe, kichwa cha ukurasa au sehemu ya sentensi. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana ya "wazi" na ya "fungua", na katika jedwali hakuna kinachoonyesha ni ipi inayotakiwa. Mtu wa kwanza kuyaona maneno hayo mahali pake ni mjaribu. Ndiyo maana nasema kazi yake si ya kuokota herufi zilizodondoka; yeye ndiye msomaji wa kwanza wa matini.

5.0 Aina za Makosa

5.1 Upatanisho na idadi

Programu nyingi huunda sentensi kwa kuchomeka jina au namba katika nafasi iliyoachwa wazi. Msanidi huandika kiunzi kimoja, kwa mfano "___ imefutwa", akitarajia kitumike kwa kila kitu. Katika lugha isiyo na ngeli kiunzi hicho kinaweza kupita. Katika Kiswahili kinatoa "picha imefutwa", ambayo ni sahihi, na pia "ujumbe imefutwa" na "kitabu imefutwa", ambazo si sahihi. Tiba yake haimo katika tafsiri. Lazima msanidi aandike sentensi kamili kwa kila nomino.

Suala la idadi ni gumu zaidi, na hapa ningependa kukawia kidogo. Kanuni za kimataifa za uwekaji lugha katika kompyuta zinazosimamiwa na Unicode huipa Kiswahili aina mbili za idadi: moja, na nyingine zote. Kwa skrini inayoonyesha tarakimu, mgawanyo huo unatosha kwa kiasi kikubwa, kwa sababu tarakimu huuficha upatanisho. Tukiandika "watu 3", "vitabu 3" na "mayai 3", msomaji mwenyewe hutamka watatu, vitatu na matatu. Lakini simu inaposoma kwa sauti, kama inavyofanya kwa watumiaji wasioona, kilichofichwa hudhihirika. Mashine isiyofundishwa hutamka "watu tatu".

Tufanyeje ili tulijaribu jambo hilo bila kupitia namba zote? Tugawe makundi kwa mujibu wa sarufi:

(2) a. moja hadi tano na nane hupatana na nomino: watu wawili, watu wanane;
b. sita, saba, tisa na kumi hazipatani: watu sita, vitabu saba;
c. kumi na moja huwa na nomino ya wingi lakini tarakimu yake ya mwisho huchukua upatanisho wa umoja: watu kumi na mmoja, vitabu kumi na kimoja;
d. namba ambatani nyingine hufuata tarakimu ya mwisho: watu kumi na wanane, lakini watu kumi na saba;
e. makumi kama ishirini na thelathini hayapatani;
f. sifuri huhitaji muundo mwingine kabisa, kwani hatusemi "jumbe sifuri zimefutwa" bali "hakuna ujumbe uliofutwa".

Kutokana na (2) tunaweza kuchagua namba saba tu, yaani 0, 1, 3, 7, 11, 18 na 20. Tukizijaribu kwa ngeli sita zinazotokea zaidi, tunapata majaribio 42, ambayo mtu mmoja anaweza kuyamaliza asubuhi moja. Angalia pia mtego uliopo. Katika ngeli ya I-ZI tarakimu haina kiambishi kinachosikika: picha tatu, programu nane. Maneno mengi ya kompyuta yaliyotoholewa yameingia katika ngeli hiyo. Kwa hiyo msanidi anayejaribu kwa neno "picha" pekee hataona kosa lolote, ataitoa programu, na kosa litaonekana siku ya kwanza inapolazimika kuhesabu watu.

5.2 Ritifaa

Kitamkwa king'ong'o cha kaakaa laini huandikwa ng', na ritifaa yake si pambo. Ngoa ni hamu au wivu. Ng'oa ni kutoa kitu kilichojikita. Lakini katika lugha nyingi za hifadhidata, alama hiyohiyo hutumika kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Kama programu haikuandaliwa kwa uangalifu, mtu akiandika jina lenye ritifaa, mashine hudhani kwamba jina limeishia hapo, na mabaki huyasoma kama amri isiyoeleweka. Fomu hukataa. Mwanya huohuo hutumiwa na wahalifu kuingiza amri zao katika hifadhidata, hivyo jina la mwananchi mwaminifu linaweza kuzuiwa na kinga iliyowekwa dhidi ya mwizi.

Zipo pia programu zinazobadilisha kuwa kubwa kila herufi inayofuata alama isiyo herufi. Kwa hizo, Ng'ang'a huwa "Ng'Ang'A". Tena zipo alama mbili zinazofanana machoni, ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda, ambazo kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa. Jina lililoingizwa kwa moja halipatikani likitafutwa kwa nyingine. Mwenye jina huambiwa dirishani kwamba hayumo katika daftari, nao wote wawili, yeye na karani, hawaoni tofauti yoyote kwenye skrini. Wapo waliochoka wakaamua kuiacha ritifaa katika nyaraka zao. Nadhani tunapaswa kuliona hilo kama hasara ya lugha: tahajia ya jina la mtu inabadilishwa na mashine, bila baraza lolote kuketi.

5.3 Urefu na ukataji

Kitenzi cha Kiswahili hubeba katika neno moja mambo ambayo lugha nyingine huyagawa katika maneno matatu au manne. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hulikata neno letu. Swali la mwanaisimu ni hili: ukataji unaondoa nini? Mwanzoni mwa kitenzi kuna nafsi, njeo na ukanushi. Mzizi hufuata, na mwishoni huja viambishi vya kauli. Kwa hiyo ukataji wa mwisho wa neno huondoa kauli, yaani habari ya nani amemtenda nani.

Tuchukulie ujumbe wa fedha kwa simu, huduma iliyoenea tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007:

(3) a. Umetuma shilingi 5,000.
b. Umetumiwa shilingi 5,000.

Katika (3a) fedha zimetoka. Katika (3b) zimeingia. Skrini ndogo ikikata baada ya herufi sita, yote mawili huwa "Umetum…". Mjaribu asiyejua Kiswahili ataandika kwamba kuna tatizo dogo la mwonekano. Mjaribu mwanaisimu ataandika kwamba mtumiaji hawezi kujua kama amepata au amepoteza, na atapendekeza maneno yanayotofautiana tangu silabi ya tatu, kwa mfano "Umetuma" na "Umepokea", ambayo hayagongani hata yakikatwa baada ya herufi tano.

5.4 Orodha ya maneno na kisahihishi tahajia

Visahihishi vingi vya awali vilitegemea orodha ya maneno. Kwa Kiswahili orodha haitoshi. Tukihesabu viambishi 15 vya mtenda, njeo tano za msingi, na nafasi 16 za mtendwa, ikiwamo ile ya kutokuwa naye, kitenzi kimoja hutoa maumbo 1,200, kabla hatujagusa ukanushi, urejeshi na minyambuliko. Ndiyo sababu Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kazi ya uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta mwaka 1985, alitumia kanuni za mofolojia badala ya orodha. Mjaribu wa kisahihishi hapaswi kuuliza tu kama kinakamata makosa. Aulize pia ni maneno mangapi sahihi kinayoyapigia mstari mwekundu. Mwanafunzi anayeona mstari huo chini ya "hawakutuandikia" huanza kulishuku neno sahihi, na baadaye kujishuku mwenyewe.

5.5 Saa

Nafika sasa kwenye kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kukagua Kiswahili cha ujumbe wa simu uliokusudiwa kuwakumbusha kina mama tarehe za kliniki. Nililetewa sentensi zipatazo 30. Nilizipitia kwa makini, nikasahihisha upatanisho hapa na pale, nikatia sahihi. Mojawapo ilikuwa hii:

(4) Unakumbushwa kufika kliniki kesho saa 8:00.

Sentensi ya (4) haina kosa la sarufi. Kompyuta ilikuwa na maana ya saa mbili asubuhi. Baadhi ya kina mama walisoma kama Mswahili yeyote anavyosoma, saa nane, wakafika mchana wakiwa na watoto mgongoni, wakakuta huduma ya siku hiyo imefungwa. Aliyetueleza ni muuguzi, si mtaalamu. Alisema kwa upole tu: "Profesa, nyinyi mliandika kwa saa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha mfumo wa saa wa Kiswahili kwa miongo mitatu. Najua kwamba siku yetu huhesabiwa kuanzia machweo na mapambazuko, na kwamba huko pwani "usiku wa Ijumaa" waweza kuwa ule wa kuamkia Ijumaa. Lakini nilipopewa karatasi niliikagua kama mwalimu anayesahihisha insha. Sikujiuliza ni nani atakayeisoma, akiwa wapi, na atafanya nini baada ya kuisoma. Nilithibitisha; sikujaribu. Hiyo ndiyo tofauti aliyoieleza Myers, nami nilikuwa nimeisoma na kuisomesha.

Ujumbe ulirekebishwa ukawa "kesho asubuhi, saa 2:00". Hata hapo ilibidi kuwajaribu wasomaji kadhaa, kwa sababu simu zao zenyewe huonyesha 8:00 wakati huo, na wapo waliozoea kuifuata skrini. Neno lililoondoa utata halikuwa namba. Lilikuwa "asubuhi".

6.0 Kipimo cha Usahihi

Katika taaluma ya majaribio kuna swali gumu: mjaribu anajuaje tokeo sahihi ni lipi? Kwa hesabu, jibu hupatikana kwa hesabu nyingine. Kwa lugha, tunacho kipimo gani? Tunayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967. Na tunao wazungumzaji. Vipimo hivyo vitatu havikubaliani daima. Neno faili, kwa mfano, hupatanishwa na wengine kwa LI-YA, "faili limefunguliwa", na wengine kwa I-ZI, "faili imefunguliwa".

Rai yangu ni kwamba mjaribu atenganishe ngazi tatu katika ripoti yake. Ya kwanza ni kosa, yaani umbo ambalo hakuna mzungumzaji anayelikubali, kama "kitabu imefutwa". Ya pili ni mgongano, yaani programu kutumia maumbo mawili yanayokubalika pasipo utaratibu, kama "faili limefunguliwa" katika ukurasa mmoja na "faili imefungwa" katika unaofuata. Ya tatu ni upendeleo, kama vile kutaka tarakilishi badala ya kompyuta. Mbili za kwanza zinastahili kurekebishwa. Ya tatu iandikwe kama pendekezo tu, na mjaribu awe tayari kushindwa. Nimeshuhudia vikao ambamo wataalamu wa lugha walitumia siku nzima kwa ngazi ya tatu, na wasanidi wakaondoka wakiamini kwamba Waswahili hawaelewani. Kwa hiyo hata makosa ya ngazi ya kwanza hayakusikilizwa.

Kuna pia suala la wakati. Mwanaisimu huitwa mwishoni, programu ikiwa imekamilika na tarehe ya kuitoa imeshatangazwa. Akisema kwamba kiunzi cha sentensi hakikubali ngeli, huambiwa kuwa amechelewa. Kasoro iliyomo katika msingi haiponyi kwa kupaka rangi ukuta. Kwa sababu hiyo wajaribu wenye uzoefu huanza kazi kabla ya tafsiri: huijaza programu maneno ya bandia, marefu na yenye alama ngeni, ili waone mapema panapokatika na panapokwama. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa kutumia maneno ya Kiswahili chenyewe. Tuingize Ng'ang'a, tuingize "haitakuhifadhia", tuingize watu 11, kabla mfasiri hajaandika mstari wa kwanza.

7.0 Hitimisho

Katika mhadhara huu nimejaribu kuonyesha kwamba kutafuta makosa katika programu ni tawi la kazi tuliyoizoea, na kwamba Kiswahili kina mipaka yake mahususi ambayo mjaribu asiyeijua hawezi kuikanyaga. Mipaka hiyo ni ngeli, tarakimu zinazopatana na zisizopatana, ritifaa, mpangilio wa viambishi katika kitenzi, na saa.

Umoja wa Afrika uliikubali lugha hii kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi mwaka 2022, na tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hadhi hizo ni za kujivunia. Hata hivyo, mtumiaji hakutani na hadhi anapoifungua simu yake. Hukutana na sentensi moja, na kwa sentensi hiyo huamua kama ataendelea kwa Kiswahili au atabadilisha mpangilio arudi kwenye Kiingereza. Kila anayebadilisha huonekana katika hesabu za makampuni kama ushahidi kwamba Kiswahili hakihitajiki.

Ninapendekeza basi kwamba idara zetu, kwa kushirikiana na idara za sayansi ya kompyuta, ziweke katika mwaka wa tatu zoezi moja: kila mwanafunzi achague programu moja ya Kiswahili inayotumiwa na umma, aijaribu kwa wiki nne, na aandike ripoti kumi za hitilafu zenye hatua, tokeo lililotarajiwa, tokeo lililopatikana na ngazi ya uzito. Zoezi hilo halihitaji maabara. Linahitaji simu, daftari, na mtu mmoja wa nje ya chuo wa kuketi naye na kumtazama akisoma.

Sharti hilo la mwisho ndilo ninaloliwekea mkazo. Mwanafunzi aliyeniuliza elimu yake itampeleka wapi nitamwambia kwamba inaweza kumpeleka katika chumba cha wasanidi, akiwa na kamusi mkono mmoja. Lakini kabla ya kutia sahihi, aende kwanza kliniki, akamwulize muuguzi sentensi ile inasomekaje.